"Sufu inaoza pwani" na maneno mengine ninayoyasikia Tanga kuhusu mazulia ya zamani

Masika yakikaribia simu zinaanza, na maneno ni yale yale: "Dada, sufu hapa kwetu inaoza. Niletee la plastiki." Nimeyasikia Raskazone kwenye nyumba zinazotazama bahari, nimeyasikia Chumbageni, nimeyasikia hata Ngamiani kwa watu ambao bibi zao walikalia mazulia ya sufu mpaka uzeeni. Kazi yangu ni kupamba nyumba, na mazulia ya zamani yaliyofumwa kwa mkono ndiyo ninayoyategemea kuliko samani yoyote. Dhana hii imeshawafanya watu wengi wagawe au watupe vitu ambavyo hawatavipata tena, basi nitaijibu kwa urefu. Nyingine nitazigusa tu.

Mazulia ya Uajemi yalifika mwambao huu na majahazi ya kaskazi, yakiwa yamepakiwa pamoja na tende na makasha. Yaliteremshwa kwenye bandari zetu, yakatandikwa katika nyumba za mawe na chokaa zilizo hatua chache tu kutoka maji ya chumvi, bila kiyoyozi wala feni. Wanunuzi waliendelea kununua msimu baada ya msimu. Hewa yetu ingekuwa inaozesha sufu, biashara hiyo isingefika mbali.

Sufu yenyewe imeumbwa kuishi na unyevu. Unyoya wake unaweza kunywa mvuke mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake, nawe ukiushika usihisi maji. Hewa ikikauka, unautema. Polipropilini, ile plastiki ya mazulia mengi mapya ya mashine, hainywi kitu. Maji yakimwagika yanapita katikati ya nyuzi na kutua mgongoni, ambako mara nyingi kuna juti, na juti ikilowa ikakaa ndiyo inayovunda. Ile harufu inayosikika sebuleni mwezi wa tano, mtu akadhani ni ya mbwa au ya watoto, mara nyingi inatoka huko.

Sasa, je, zulia la sufu haliozi kabisa? Linaoza, na nimeyaona yaliyooza. Lakini kinachotangulia kuoza ni pamba. Mazulia mengi ya mijini ya Iran, na yale ya Pakistani yaliyoingia kwetu kwa wingi, yana mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana zinazolishikilia zulia) wa pamba, na mafundo ya sufu yamefungwa juu ya mtande huo. Pamba ikikaa na maji wiki nzima, tena na tena, inakufa kimya kimya huku manyoya ya juu yanang'aa kama kawaida. Siku unayolikunja, linapasuka.

Maji hayo yanatoka chini ya zulia, wala si hewani. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, ukungu naujua." Nikamwomba, "Baba, tulifunue kwanza." Lilikuwa zulia jekundu la Afghanistan, zuri, la miaka mingi. Chini yake nusu moja palikuwa na mpira wa kuzuia utelezi, nusu nyingine lilikaa moja kwa moja kwenye sakafu. Upande wa mpira saruji ilikuwa nyeusi kwa unyevu na mgongo wa zulia ulikuwa na madoa ya kijivu ya ukungu. Upande usio na mpira ulikuwa mkavu, safi, hauna hata harufu. Zulia moja, nyumba moja, masika yale yale.

Nyumba zetu nyingi zina sakafu inayopandisha maji kutoka ardhini, hasa zile za zamani zilizojengwa bila nailoni chini ya zege. Sakafu ya namna hiyo ikiachwa wazi, maji yanapaa na upepo unayachukua; ukiifunika kwa mpira au kapeti ya plastiki, umeyafungia. Kabla sijatandika zulia kwa mtu napima sakafu, na wewe unaweza kupima leo. Chukua kipande cha nailoni nzito, safi, nusu mita kila upande. Kibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite kabisa. Kiache mchana na usiku. Kesho kifunue: ukikuta matone kwenye nailoni au saruji imegeuka rangi, tatizo lako ni sakafu, na zulia la plastiki halitaliondoa, litalificha tu mpaka samani zianze kuliwa miguu.

Kupima zulia lenyewe nako ni kazi ya dakika moja. Ligeuze, shika sehemu ya katikati kwa mikono miwili, likunje taratibu huku umelisogeza karibu na sikio. Pamba nzima haitoi sauti. Pamba iliyokufa inalia kwa mipasuko midogo midogo. Ukisikia mlio huo, liache pale pale sokoni hata kama rangi zimekuvutia, kwa sababu hakuna fundi wa kufufua mtande uliooza eneo zima. Mahali ninapokuta ugonjwa huu mara nyingi zaidi ni pembeni, kwenye duara lenye ukubwa wa kitako cha chungu cha maua. Jamani, ondoeni vyungu vya maua juu ya mazulia. Kisahani cha chini hakitoshi. Udongo wa kuchoma unapitisha jasho.

Ushauri wangu kwa sakafu za hapa ni jamvi la miyaa chini ya zulia. Najua wenzangu wa Dar es Salaam wanapenda pedi ya felti, ile ya nyuzi zilizogandamizwa, na felti ni nzuri kwenye nyumba kavu. Jamvi linaliinua zulia kidogo, upepo unapita, na likishika ukungu umeshapewa taarifa mapema kwa hasara ya kitu cha bei ndogo unachokinunua sokoni wakati wowote. Masika yote funua kona zote nne kila wiki, fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, na mara moja kwa mwezi ligeuze zulia zima lilale kifudifudi nusu siku. Basi. Hakuna dawa nyingine ninayouza.

Na kuna jambo moja ambalo wanaodai pwani hapafai hawalitaji kamwe: huku tunavua viatu mlangoni. Mchanga ndio unaoua zulia la sufu. Chembe zinazama hadi kwenye mafundo, na kila hatua zinakata unyoya shinani. Nyumba inayoingiwa kwa viatu inamaliza zulia mapema sana. Nyumba ya Tanga yenye safu ya ndala barazani imeshalipa zulia ulinzi ambao wenye viatu ndani wanaulipia mafundi.

Ongeza na chetezo. Nyumba gani hapa haifukizi udi? Kaa moja ikidondoka kwenye polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 160, unabaki na shimo gumu lenye kingo nyeusi ambalo halitengenezeki. Sufu inaungua pale kaa lilipogusa, inanuka kama nywele, inajizima. Fundi anang'oa mafundo machache, anafunga mengine. Nimeona mazulia mengi mapya ya plastiki yakiishia nje ya mlango wa choo kwa sababu ya kaa moja la Ijumaa.

Dhana ya pili kwa kunikera ni ya kuosha: "Sabuni ya unga, brashi, maji ya bomba, kisha juani." Sufu ni protini, jamii moja na nywele. Sabuni kali ya unga inaikausha, na zile zenye vimeng'enya vya kula madoa ya damu na maziwa zinakula na sufu pia. Maji ya moto yanaifanya ishikane. Jiki inaiyeyusha, na hapa sitii chumvi: weka uzi wa sufu kwenye jiki uuangalie. Kabla ya maji yoyote, bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kila rangi kwa dakika moja. Kikitoka na wekundu, usiliguse, mpelekee anayejua. Rangi za kutengenezwa maabara zilianza baada ya mkemia Mwingereza William Henry Perkin kugundua ya kwanza mwaka 1856, na nyingi za mwanzo zilizoingia kwenye mazulia zilikuwa hazishiki vizuri, kwa hiyo zulia la umri mkubwa halina dhamana kwamba halichuji. Kama linahimili, tumia maji baridi na shampuu laini kidogo, suuza mpaka maji yawe meupe, likauke kivulini penye upepo. Osha wakati wa kaskazi. Anayeosha zulia la sufu mwezi wa nne anajitafutia.

Kuhusu jua, London kuna jumba la makumbusho la Victoria and Albert lenye zulia la Ardabil, lililokamilika mwaka wa 1539 hadi 1540, la urefu wa mita 10 na zaidi. Taa zake huwashwa dakika 10 tu kila nusu saa ili rangi zisichoke. Nawe lako unalianika juu ya ukuta saa sita mchana!

"Zulia kuukuu linaleta wadudu." Nondo hutaga kwenye sufu yoyote iliyo gizani na isiyosogezwa, mpya au ya zamani, na viwavi vyake ndivyo vinavyokula. Utavikuta chini ya kochi lisilohamishwa, hutavikuta njia ya watu. Ukinunua zulia usilolijua historia, lisafishe vumbi pande zote mbili, lifunge kwenye nailoni, uliweke kwenye friza linalofika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mji wa samaki huu, friza kubwa la kukodi halikosekani. Naftalini chumbani itakuumiza kichwa wewe kabla ya nondo.

"Rangi haikulingana, lina kasoro." Ukiona bluu imebadilika katikati ya uwanja, nyepesi kisha nzito, mfumaji alimaliza sufu ya chungu kimoja cha rangi akaanza ya kingine. Wauzaji wa mazulia huuita mpishano huo abrashi. Mimi ninautafuta, kwa sababu kwenye chumba chenye kuta nyeupe za chokaa unaleta uhai ambao rangi moja tupu haileti.

"Mafundo mengi ndiyo ubora." Kwa zulia la Isfahan au la Qom, miji ya Iran, lenye maua madogo madogo, sawa. Zulia la Wabaluchi lina mafundo machache na michoro mikubwa ya pembe, na sufu yake inaweza kuwa nzuri kuliko ya hilo la mafundo mengi. Shika sufu kwanza.

"Sebule yangu ndogo, nitafutie dogo." Zulia dogo linaloelea katikati ya chumba bila kuguswa na kiti ndilo linalokifanya chumba kionekane kidogo. Miguu ya mbele ya makochi ikanyage zulia. Kama ulilolipenda ni dogo, na mazulia ya zamani hayaji kwa oda, tandika zulia la mkonge kubwa chini, halafu hilo juu yake. Tumezungukwa na mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na bado watu wanaagiza mazulia ya kutandika chini kutoka ng'ambo. Ila mkonge nao usimwagiwe maji, unashika doa.

Kuna na lile wanalosema juu ya kazi yenyewe, kwamba mpambaji ni mtu wa mapazia na maua ya harusi. Ni kweli nilianza kwenye cherehani ya mapazia, na naishukuru, maana ndiko vidole vyangu vilikojifunza nyuzi. Baadaye nikasomea ubunifu wa ndani Chuo Kikuu Ardhi, ambako unafundishwa mwanga, hewa, vipimo na michoro kabla ya kugusa kitambaa. Vyote viwili vinakutana kwenye zulia. Wateja wengi huniita wakiwa wameshapaka rangi na kununua makochi, kisha wananiambia nitafute zulia la kuoana navyo. Mpangilio huo umegeuzwa. Rangi ya ukuta inachanganywa dukani upendavyo, kitambaa cha kochi kinabadilishwa; zulia la mwaka 1950 liko moja. Lipate hilo, kisha upake.

Mswala wa zamani, ule uliofumwa na mihrabu, huwa naombwa niuweke mlangoni kwa sababu ni mdogo na unapendeza. Sifanyi hivyo. Uswaliwe, au utundikwe ukutani mahali pa heshima, kwa kitambaa cha pamba kilichoshonwa mgongoni, urefu wote wa juu, ili uzito ugawanyike. Misumari hapana.

La mwisho ni la sokoni: "Lina matamvua, kwa hiyo ni la mkono." Matamvua ya zulia la mkono ni ncha za mtande wenyewe, zinatoka ndani ya zulia. Ya mashine mengi yameshonewa pembeni, na ukivuta kidogo unaona mshono. Geuza mgongo: la mkono linaonyesha mchoro kwa uwazi uleule wa juu, na mistari ya mafundo inayumba kidogo. Ukikuta matamvua yamechakaa na mafundo ya pembeni yameanza kutoka, punguza bei, ulinunue, na kabla hujalitandika mpe fundi azibe ukingo kwa uzi wa pamba. Safu moja ya mafundo ikishatoka, inayofuata haina cha kuizuia.