Mishipa ya mtoto hainyooshwi

Juzi kwenye foleni ya kliniki ya watoto, mama mmoja alimwambia mwenzake: "Huyu wangu usiku halali kabisa. Kesho nampeleka kwa bibi akanyooshwe mishipa." Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Wiki hiyohiyo nikakutana na bango la chumba cha masaji linaloahidi "kufungua mishipa ya fahamu ya mtoto". Nimenyamaza mara nyingi, leo ngoja niseme.

Kinachotajwa hapo ni ukandaji wa watoto. Mtu mzima anampapasa na kumbonyeza mtoto taratibu kwa viganja, mara nyingi kwa mafuta kidogo ya nazi, mpaka atulie. Akitulia, moyo hupunguza kasi, pumzi hushuka, usingizi huja. Ndiyo maana husemwa kwamba ukandaji unausaidia mfumo wa neva, yaani nyuzi zinazopeleka ujumbe kati ya ubongo na mwili. Hiyo ndiyo maana yake.

Shida iko kwenye neno mshipa, ambalo tumelitwika mzigo mkubwa mno. Njia ya damu ni mshipa. Neva ni mshipa. Kano ile inayosimama nyuma ya goti, nayo watu huiita mshipa. Halafu ukisema mzee fulani "ana mshipa", watu watajua unazungumzia ngiri au korodani zilizovimba. Vitu vyote hivi vimeunganishwa na jambo moja tu: vinafanana na kamba. Na kamba kila mtu anaijua tabia yake. Hujikunja, hukaza, hupiga fundo, basi dawa yake ni kuivuta inyooke. Hapo ndipo lugha inapoanza kuushika mkono wa mtu na kuuelekeza pasipofaa.

Vitabu vya shule vikajaribu kutenganisha, vikaandika "mishipa ya fahamu". Nia ilikuwa njema, lakini fahamu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kuelewa, ni kujitambua. Aliyezirai amepoteza fahamu. Kwa hiyo mzazi akisikia mishipa ya fahamu inakandwa, anadhani akili ya mtoto inafunguliwa, kesho atasema mapema na darasani atashika haraka. Wakati kazi kubwa ya neva ni mambo ambayo mtoto hayafahamu hata kidogo: mapigo ya moyo, jasho, maziwa yanavyosukumwa utumboni. Kwa sababu hiyo mimi nasema neva, ingawa ni neno la kuazima. Halimdanganyi mtu.

Na mkono wa mkandaji haufiki huko ndani. Ubongo umefungiwa kwenye fuvu, na ugwe wake, ule mkungu wa neva unaoshuka kutoka ubongoni, unapita ndani ya mifupa ya mgongo. Kinachoguswa ni ngozi na nyama iliyo chini yake. Ila ngozi si kitu kidogo. Watafiti wa Sweden walieleza nyuzi nyembamba za neva kwenye ngozi ya binadamu ambazo huitika zaidi kwa mpapaso wa polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, wa kitu chenye joto la ngozi. Ni mwendo uleule ambao mama huushika akimpapasa mwanawe mgongoni huku akiwaza mambo mengine. Ujumbe huo ndio unaopanda kwenye ubongo, na ubongo wenyewe ndio unaotuliza mwili.

Polepole, lakini si hafifu. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto njiti waliokandwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10. Waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao ambao hawakukandwa. Lilikuwa kundi dogo, watoto 40 tu kwa jumla, lakini kazi za baadaye zilionyesha kwamba mkono wenye uzito wa wastani ndio unaofaa. Mguso wa unyoya humtekenya mtoto tu. Kwa upande mwingine, mtoto mchanga hachuliwi. Kuchua, yaani kusugua kwa nguvu, ni kwa mcheza mpira aliyekaza misuli.

Mtoto wa jirani yetu alikuwa na mtindio wa ubongo. Miguu ilikakamaa, ikasemwa mishipa imejikunja, basi ikawa inavutwa kila jioni huku analia. Miezi ikapita hivyo. Ukakamavu ule ulitoka kwenye ubongo, unaotuma amri zisizo sawa kwa misuli, na pale mguuni hapakuwa na kamba ya kunyoosha. Alichohitaji ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tena mapema. Bibi aliyekuwa akimvuta alimpenda sana yule mtoto. Alifuata lile neno alilofundishwa.

Yule mama wa kwenye foleni nilimsogelea kabla hajaitwa. "Dada, kwa bibi mpeleke tu, akamkande, mkono wake ni mzuri. Ila mwambie amkande, asimnyooshe. Shingo asiivute, utosi asiubonyeze. Na ukiona mguu au mkono umekaza hata akiwa ametulia, rudi hapa kwanza." Akauliza, "Kwani kukanda na kunyoosha si kitu kimoja?" Nikamshika mtoto mgongoni, nikamwonyesha.