Usiku wa kwanza kituoni

Simu za akina mama wa Kisauni, Mombasa, hunifikia baada ya Isha. "Wakili, mwanangu kachukuliwa na polisi kwenye maskani ya vijana, na panga hakuwa nalo." Nimekuwa nikitetea watoto katika mahakama za Tononoka na Shanzu kwa miaka kadhaa, na swali langu la kwanza halihusu panga. Nauliza: kadi yake ya kliniki iko wapi?

Ile kadi iliyokunjwa mara nne, yenye uzito wa mtoto na tarehe za chanjo, mara nyingi ndiyo karatasi pekee nyumbani inayoonyesha kwamba kijana ana miaka 15, si 19. Cheti cha kuzaliwa wengi hawajawahi kukichukua. Na kijana wa miaka 15 aweza kuwa mrefu kuliko babake. Askari akimmulika tochi saa tano usiku, anamwandika mtu mzima. Akishaandikwa hivyo kwenye kitabu cha kituo, seli ni ya watu wazima, na karatasi zote zinazofuata zinabeba umri uleule.

Hasira za mtaani juu ya magenge ya vijana wenye mapanga nazijua. Kuanzia Mtopanga hadi Mwandoni, watu wamejifunza kuteremsha milango ya duka mara wakisikia mbio za miguu mingi. Katika baraza moja nililohudhuria, mama muuza mahamri aliinua mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada hakikunjiki tena. Alikatwa alfajiri akienda kuwasha jiko, akanyang'anywa simu. "Mwaniambia ni watoto," akasema. "Lile panga nalo lilikuwa la mtoto?" Sikumjibu kwa vifungu vya sheria. Lakini swali lake nimelibeba, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliyefika miaka 12 lakini hajafika 14 anachukuliwa kuwa hajui kupambanua mema na mabaya, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alijua. Wa miaka 14 na zaidi anashtakiwa kama kawaida. Kwa hiyo wanaosema mtoto haguswi na sheria wanakosea, na wazazi wanaoamini hivyo huumia zaidi. Wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hauhitaji kila mmoja awe na silaha. Kuwa na mwenzako mmoja wakati wa kuiba kwa nguvu au vitisho kunatosha. Vijana wanane na simu moja: wote wanane waweza kukabiliwa na shtaka ambalo kwa mtu mzima adhabu yake ni kifo. Mtoto hahukumiwi kifo, ila wa miaka 15 hadi 17 aweza kupelekwa Borstal ya Shimo la Tewa, taasisi ya kurekebisha vijana wahalifu, kwa miaka isiyozidi 3.

Katiba, kifungu cha 53, inataka mtoto azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Nilimtetea kijana aliyekamatwa Ijumaa usiku. Zile saa 24 za kufikishwa mahakamani ziliishia siku ya mapumziko, akangoja hadi Jumatatu, katika seli moja na wanaume, kwenye kituo nisichokitaja. Usiku wa kwanza mmoja wao alimpa nusu mkate na nafasi ya kulala penye ukuta, mbali na ndoo. Kijana alipoachiliwa kwa dhamana, watu wa yule bwana walikuwa wanamsubiri mtaani kwao. Hawakumtisha. Walimkumbusha ule mkate. Aliingia kituoni kwa ajili ya simu moja; alitoka ana wakubwa.

Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa, wazazi wengi walishangilia wakiona ndiyo yanayowapoteza vijana, na mahakama iliposimamisha amri hiyo walivunjika moyo. Nawaelewa. Ila vijana ninaowakuta wamenasa kwenye magenge wengi wameshikwa na deni la namna ile: chakula, ulinzi, nauli, jina.

Yule mama wa mahamri anapaswa kusikilizwa pia. Kesi ya mtoto yaweza kuondolewa mahakamani na kumalizwa kwa njia nyingine, mradi ushahidi upo na mtoto akiri mwenyewe bila kushurutishwa. Hapo yaweza kuamuliwa aombe radhi, alipe, afanye kazi ya jamii, asikose shule. Naiona ni haki zaidi kuliko mtoto kupotelea seli na aliyekatwa kutoulizwa neno.

Basi mwanao akikamatwa, nenda usiku huohuo. Usingoje asubuhi, wala usimpe mtu pesa za "kuyamaliza." Taja umri, hakikisha umeandikwa, omba afisa wa watoto aitwe, na mtoto asiandikishe maelezo ukiwa haupo. Akiachiliwa kwa dhamana, usimfiche kwa bibi yake Kilifi: siku ya kesi ikipita hakimu atatoa hati ya kumkamata, na safari hii atarudi seli.

Na ile kadi ya kliniki, itoe leo chini ya godoro. Ipige picha mbele na nyuma, umtumie ndugu mmoja ambaye simu yake haizimwi usiku.