Pima Moja kwa Jioni: Malengo ya Mama Anayesuka

Wanawake wanaokuja kwangu, hapa Kisauni, Mombasa, kujifunza ukili, ule utepe wa kusukwa unaoshonwa ukawa mkeka au kikapu, huniuliza jambo moja kabla hawajashika hata chane ya kwanza, yaani kile kipande chembamba cha jani la kusukia: nitapata wapi wakati? Wengi wana watoto wadogo. Wengine huamkia mahamri ya kuuza, wengine wanafanya kazi ng'ambo ya Likoni na kurudi na feri jua limeshatua. Wote wana hamu ileile ya kuona kitu kimetoka mikononi mwao. Mimi nimesuka tangu utotoni, nimelea huku nasuka, na hii ndiyo kazi yangu hadi leo: mikeka, misala ya kusalia, vikapu na makawa ya kufunikia chakula. Jibu langu kwa wote ni lilelile. Usianze kwa kutafuta wakati. Anza kwa kuijua kazi inavyogawika, kisha uone kila kipande kinakaa wapi ndani ya nyumba yenye watu.

Kazi yetu ina hatua zinazokubali kukatizwa na hatua zisizokubali. Kusuka kwenyewe kunakubali. Ukili unaweza kuuweka chini wakati wowote, ukampa mtoto uji, ukafungua mlango, ukarudi na kuendelea palepale, maana chane zenyewe zinakuonyesha ipi imepita juu na ipi imepita chini. Hakuna kilichoharibika. Kuchana miyaa, yale majani ya mti wa mkoma tunayosukia, kunakubali nusunusu: unaweza kuacha, lakini kisu hakiachwi sakafuni kwenye nyumba ya mtoto anayetambaa, kwa hiyo mimi huchana nikiwa nimekaa juu, na kisu kinarudi kabatini kila ninaposimama.

Kutia rangi hakukubali hata kidogo. Hapo kuna sufuria kubwa ya maji yanayotokota, unga wa rangi unaopeperuka na kuingia puani, na miyaa inayotaka kugeuzwageuzwa ili rangi ikolee sawasawa. Ukiitwa ukaenda, upande mmoja unatoka zambarau na mwingine maji ya zabibu. Tena ni hatari kwa watoto, na sitii rangi mtoto mdogo akiwa karibu, hata akiwa amelala. Kushona kili ziwe mkeka hakukubali pia, ila sababu yake ni tofauti. Ukili unazungushwa na kushonwa pindo kwa pindo, na mkono unapaswa kuvuta kwa nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Safu tatu ukizivuta kwa utulivu na ya nne kwa haraka kwa sababu wali unaungua, mkeka unakwenda upande na hautatandazika vizuri tena.

Ukishaijua tofauti hii, ratiba inajipanga karibu yenyewe. Rangi na kushona zinakwenda kwenye saa ambazo nyumba ni tupu: watoto wako shule, au Jumamosi asubuhi wako chuoni, yaani madrasa. Kusuka kunajaza zilizobaki, hata zile zenye kelele. Mama wengi hufanya kinyume. Nyumba ikinyamaza wanakaa kusuka, kwa sababu ndiyo raha ya kazi, halafu rangi inawangojea mpaka jioni wakati jiko linatakiwa kwa chakula na kila mtu ana njaa.

Hewa ya Mombasa nayo ina neno lake. Miyaa ikikauka mno hukatika vidoleni, hasa kaskazi ya Januari na Februari, jua linapopiga tangu asubuhi. Inapendeza kusukwa ikiwa na unyevu kidogo: nailoweka, naikung'uta, naifunga kwenye leso kuukuu iliyolowa, na natoa chane chache chache. Alfajiri na baada ya magharibi hewa yenyewe inasaidia, kwa hiyo hizo ndizo saa nzuri za ukili. Masika yakija mambo yanageuka. Kusuka ni kwepesi, lakini miyaa iliyokunjwa ikiwa na maji hushika ukungu, na ukungu ukishaweka madoa meusi hautoki. Ndiyo maana miyaa ninayoletewa kutoka pande za Kwale nahakikisha imekauka kabisa na imetiwa rangi kabla ya Aprili. Mvua inaponikuta, kazi iliyobaki ni ya kukaa barazani na kusuka.

Sasa malengo. "Mwaka huu nitasuka zaidi" si lengo, kwa sababu halina mahali linapoishia. "Saa moja kila siku" lina ubaya mwingine: linamhukumu mama kwa mambo yasiyo yake. Mtoto akipata homa, saa imepotea, na kesho unaanza ukiwa na deni. Mimi nahesabu kwa pima, kama bibi zetu walivyohesabu. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama futi 6. Leo ukisuka nusu pima, nusu hiyo ipo, imeviringwa, haifumuki usiku. Usiposuka kesho, haipungui.

Na pima inakuwezesha kujua kazi itakwisha lini. Chukua mkeka wa mita 2 kwa mita 1 na sentimita 20. Ukili wako una upana wa sentimita 8. Eneo la mkeka ukiligawa kwa upana wa ukili unapata mita 30, yaani karibu pima 17. Ongeza moja ya kukatia kingo, zikawa 18. Anayesuka pima moja kila jioni, akaacha Ijumaa na siku moja nyingine kwa ajili ya wageni au uchovu, atamaliza ukili wake ndani ya wiki nne, kisha atatafuta asubuhi mbili tulivu za kushona. Mwenye mtoto anayenyonya aweke nusu pima na wiki nane, na mkeka utatoka uleule. Nimeona wanawake wakitabasamu wanapofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza, kwa sababu kitu walichokiona kikubwa kimekuwa na tarehe.

Tarehe ina maana hasa kwa sababu ya Ramadhani. Makawa na misala huulizwa sana kabla ya mfungo, na mfungo unarudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kawaida wa jua. Ratiba ya mwaka jana huwezi kuinakili. Kuna miaka Ramadhani inaangukia kaskazi, kavu, kuna miaka itaangukia mvuani, na anayepokea oda lazima ahesabu pima zake kurudi nyuma kutoka mwandamo wa mwezi. Nikishajaza hesabu, sipokei tena. Namwambia mteja kwa heshima, "Dada yangu, hili litakuwa la baada ya Idi." Mfungo ni wa ibada, na jioni za mfungo nyumba inataka mama aliyetulia, hasa kwa watoto wanaojaribu kufunga kwa mara ya kwanza.

Kuna nasaha inayozunguka sana kwamba mama mwenye kipaji aamke saa tisa za usiku, afanye mambo yake kabla nyumba haijaamka. Siikubali, na nawakataza wanafunzi wangu wenye watoto wachanga. Kidole kilichochoka husuka ukili uliolegea, na ukili uliolegea hauponi kwa kushonwa. Lala. Alfajiri baada ya swala inatosha, na siku ambayo haikutosha iache.

Upande wa ubunifu nina kanuni moja ninayoishikilia sana: kila mama anayeuza awe na ukili mmoja usio wa oda. Oda huvuta mkono kwenye kile kinachouzika. Wateja wanapenda nyekundu na kijani, basi mwaka mzima unasuka nyekundu na kijani, na siku moja unagundua hujajifunza ruwaza mpya. Ukili wangu wa majaribio unakaa kwenye kikapu chake karibu na kochi. Humo najaribu chane nyembamba zaidi, najaribu ukindu, majani ya mkindu, badala ya miyaa ya mkoma, maana ukindu ni laini na mkeka wake unatoka mwembamba na wa kupendeza. Naangalia pindo za leso na kujaribu kuzileta kwenye ukili: yale maua yaliyojipanga pembezoni, yale madoa kama ya korosho. Ua la leso lina mviringo, na ukili unakwenda kwa mshazari tu, kwa hiyo lazima ulifikirie upya mpaka likubali kusimama kwenye pembe. Hapo ndipo ninapofurahi zaidi katika kazi hii yote. Si kila jaribio linauzwa, na halihitaji kuuzwa. Lakini kili nyingi zilizoniletea wateja wapya zilianzia kwenye kikapu hicho.

Familia haikai pembeni ya mambo haya. Mavyaa wangu ndiye aliyenifundisha kukunja kingo za msala zisichome magoti ya mwenye kusali, na mpaka leo sitoi msala nyumbani kabla hajaupitishia kiganja. Baba watoto hasuki, lakini nilimweleza hatua moja moja, ipi inakatizika na ipi haikatiziki, na tangu hapo tunapatana kwa urahisi. Siku ya rangi ikiangukia likizo ya shule, anawachukua watoto, wanavuka daraja la Nyali, wanakwenda ufukweni Mama Ngina kula viazi karai na kutazama meli zikiingia. Nadhani waume wengi husaidia wakiambiwa kitu kamili. "Nisaidie na watoto" ni neno zito lisilo na mwisho, lakini "wachukue mpaka adhuhuri, rangi iko motoni" linaeleweka.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 28 Agosti 2017, kikapu kimerudi mkononi mwa mwenye kwenda sokoni Marikiti na Kongowea, na hilo ni jema kwetu. Tatizo ni kwamba wasukaji wengi huuza kikapu kwa bei ya miyaa na rangi, kana kwamba mikono ilikuwa ikipumzika. Jilipe kwa pima. Kikapu cha kiasi kinakula kama pima tano za ukili wa sentimita 5. Weka ujira wa pima moja, zidisha, ongeza miyaa, rangi, vishikio na ushonaji. Bei ikitoka kubwa kuliko mteja anavyotaka, punguza ukubwa wa kikapu, usipunguze ujira. Na fedha za kazi ziwe na njia yake. Zangu sehemu inakwenda chama, ili zamu yangu ikifika ninunue miyaa ya msimu mzima kwa pamoja, wakati bei iko chini.

Watoto nao huingia kazini wenyewe ukiwaachia mlango. Tangu mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, kazi za mikono zimekuwa sehemu ya masomo, na mtoto anaweza kukuomba nyenzo siku moja kabla. Nyumba ya msukaji haikosi masalio. Mtoto wa miaka mitano au sita mpe chane tatu pana, zilizolowa vizuri, umfungie ncha, umwonyeshe msuko wa nywele anaoujua tayari kichwani kwa dada yake. Akizoea, mpe tano. Mikono yake midogo itavuta kwa nguvu zisizolingana, na ukili utapinda. Usiufumue mbele yake wala usimrekebishie kimyakimya akilala. Ukate mwanzo na mwisho, ushone kitako cha kikapu cha nyumbani, na kikapu hicho kitumike kweli, kwenye vitunguu au nguo chafu.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: usinunue rangi bado. Nunua fungu moja la miyaa isiyotiwa rangi, ichague iliyo nyeupe na isiyo na madoa, na iloweke usiku. Asubuhi chana chane za upana unaolingana, maana upana usiolingana ndio unaowasumbua wengi wanaoanza. Suka ukili wa chane saba, pima moja tu, jioni moja au jioni nne, upendavyo. Ukimaliza utandaze mezani na uutazame pindo zake: zikiwa zimenyooka, endelea na chane tisa. Zikiwa zinacheza, suka pima nyingine ya chane saba. Kawa la sahani moja litatoka kwenye hizo mbili, na kushona kwake nitakuonyesha ukija nao.