Arnhem ilipotea kabla ndege hazijaruka

Kila muhula ninapofundisha vita vya Arnhem, mji wa Uholanzi, vya mwaka 1944, wanafunzi huniuliza kwanza habari za vifaru vya SS, jeshi la chama cha Hitler. Ni kweli, divisheni ya 9 na ya 10 zilikuwa jirani, zikijiunda upya. Lakini mimi huwarudisha kwenye ratiba ya ndege, maana humo ndimo balaa lilimoanzia.

Montgomery, jemadari wa Uingereza, alitaka askari wa miavuli wayateke madaraja ya Uholanzi kuanzia Septemba 17, 1944, hadi lile la Arnhem kwenye mto Rhine, huku jeshi la nchi kavu likija nyuma yao kwa barabara moja tu, yapata kilomita 100. Ndege hazikutosha kuwabeba wote kwa mkupuo mmoja. Jenerali Brereton, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa vikosi vya miavuli, akakataa safari mbili kwa siku, akihofia marubani na mafundi kuchoka. Basi Waingereza wakashushwa kwa mafungu, siku baada ya siku, tena kilomita 10 na zaidi kutoka darajani, kwa kuogopa mizinga ya kutungulia ndege.

Hebu piga hesabu. Karibu nusu ya waliotua siku ya kwanza walibaki kulinda viwanja kwa ajili ya wenzao wa kesho. Wengine wakaenda kwa miguu, na adui akapata muda wa kujipanga. Redio hazikusikilizana. Waliofika darajani na Luteni Kanali John Frost walikuwa 740 hivi. Wakashikilia ncha ya kaskazini hadi alfajiri ya tarehe 21, risasi zikiwa zimewaishia.

Kinachoniuma zaidi ni Septemba 19. Rubani David Lord, ndege yake ya Dakota ikiwaka moto, alizunguka tena ili amalizie kudondosha shehena. Ndege ikaanguka, akanusurika mmoja tu, na si yeye. Kiwanja alichodondoshea shehena hiyo kilikuwa kimeshatwaliwa na Wajerumani. Ujumbe wa kumjulisha haukufika.

Waliingia askari 10,000 hivi, wakarudi ng'ambo ya Rhine kama 2,400. Jenerali Sosabowski wa Poland, aliyekuwa ameonya mapema, ndiye akabebeshwa lawama na kuvuliwa ukamanda. Ule ulikuwa uonevu mtupu.

Waholanzi waliumia kuliko wote. Wafanyakazi wa reli waligoma ili kuwasaidia wakombozi. Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kwenda magharibi mwa nchi. Baridi ile watu walichemsha vitunguu vya maua ya tulipu wakala, na yapata 20,000 walikufa. Wakazi wa Arnhem walifukuzwa mjini, nyumba zao zikaporwa, na hawakuiona tena milango yao mpaka mji ulipokombolewa Aprili 1945.