Leza za fiba zenye mapigo ya kasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mapigo yakizidi, nguvu nayo inazidi." Hii ni dhana iliyoenea sana kuhusu leza za fiba, yaani zinazokuza mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo, na hesabu fupi inatosha kuivunja. Chukua leza yenye wastani wa wati 1, inayotoa mapigo milioni 100 kwa sekunde, yaani megahezi 100. Kila pigo linapata nishati ya nanojouli 10. Likidumu femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde), nguvu yake ya kilele ni takriban kilowati 100. Sasa pandisha marudio, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, hadi gigahezi 1 (mapigo bilioni moja) huku wastani ukibaki wati ileile 1: kila pigo linaambulia nanojouli 1, na kilele kinashuka hadi kilowati 10. Sinia ni lilelile, walaji wameongezeka mara kumi. Anayenunua kwa kuangalia gigahezi peke yake, bila kuuliza nishati ya pigo moja, atajutia fedha zake.

Wengine huchanganya wingi wa mapigo na ufupi wake. Ni mambo mawili tofauti. Katika femtosekunde 100 mwanga husafiri mikromita 30 tu hewani, kisha leza ya megahezi 100 hukaa kimya karibu nanosekunde 10 (sehemu kumi za bilioni ya sekunde) kabla ya pigo linalofuata. Hata kwenye gigahezi 1, leza iko gizani asilimia 99.99 ya muda wote.

Halafu kuna wanaodhani ndani mna swichi ya umeme inayowasha na kuzima mwanga. Hakuna saketi ya umeme inayoweza kufanya hivyo kwa femtosekunde 100. Kwa kawaida ndani ya leza mna pigo moja tu linalozunguka, na kila likipita kwenye njia ya kutokea, sehemu yake huchepuka kwenda nje. Linalolinda uhai wake ni kifyonzaji kinachomeza mwanga hafifu na kuuachia mkali upite. Kwa hiyo mwenye kuamua marudio ni urefu wa mzunguko. Ndani ya fiba mwanga huenda kama sentimita 20 kwa nanosekunde, hivyo mzunguko wa mita 2 hutoa megahezi 100, na gigahezi 1 hudai sentimita 20. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu: katika kipande hicho kifupi lazima utoshe kifyonzaji, njia ya kutokea, na fiba yenye elementi ya erbiamu au iterbiamu ya kutosha kuukuza mwanga. Fiba hapa si bomba la kupitishia tu, ndiyo inayoukuza.

Je, ukiongeza pampu, yaani mwanga wa diodi unaoilisha fiba, marudio yatapanda? Zungusha kitasa cha mkondo wa diodi ya pampu taratibu ukiangalia osiloskopu, chombo kinachochora mapigo kwenye skrini. Vilele vinakua, nafasi kati yao inabaki nanosekunde 10 zilezile. Endelea, na pigo linagawanyika kuwa mawili. Wakati mwingine pacha hao wanafuatana kwa pikosekunde chache, na kwa kuwa kitambuzi hakina kasi ya kuwatenganisha, skrini inaonyesha pigo moja nono na fundi anafurahi bure. Spektra, yaani mchoro wa rangi zilizomo kwenye mwanga, ikipanda na kushuka kama mawimbi ndiyo inayomuumbua. Ni kweli kwamba mara nyingine mapigo hayo hujipanga kwa nafasi sawa, na leza ndefu ikatoa gigahezi, lakini kuyafanya yote yalingane kwa nishati na kwa wakati ni shughuli nyingine kabisa.

"Leza ya femtosekunde haichomi." Kwa pigo moja, karibu ni kweli: nishati huingia kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Lakini kwenye kioo, doa la mikromita moja hivi huhitaji kama mikrosekunde 1 kupoa. Mapigo yakija kwa kasi kuliko hapo, joto hurundikana, kitu kinachofaa sana kwa kuunganisha vioo na kisichofaa kwa ukataji safi. Kisha mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Uturuki, na wenzao walionyesha upande wa pili: mapigo yakija kwa mafungu ya kasi ya gigahezi, mata hung'oka na kuondoka na joto lake kabla halijasambaa. Hivyo anayesema "marudio makubwa huchoma" naye amesema nusu tu.

Rangi moja? Sahau. Pigo la femtosekunde 100 karibu na nanomita 1550 linahitaji rangi nyingi pamoja, upana wa nanomita 25 hadi 35 za urefu wa wimbi. Upana huo umegawanyika kama meno ya sega, na nafasi kati ya meno, ikipimwa kwa masafa, ni sawasawa na marudio. Mchango katika mbinu hii ya sega la masafa uliwapa John Hall na Theodor Hänsch sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2005. Gigahezi inastahili sifa zake hapa: meno yanakaa mbali zaidi moja na jingine, na kila moja linapata mwanga zaidi.

La mwisho ni macho. Mwanga wa iterbiamu, karibu nanomita 1030, hauonekani, lakini lenzi ya jicho huukusanya moja kwa moja kwenye retina. Wa nanomita 1550 hufyonzwa zaidi sehemu ya mbele ya jicho, ndiyo maana huitwa salama. Ila ukiupitisha kwenye fuwele inayoongeza masafa maradufu, unatoka ukiwa nanomita 775, unaofika kwenye retina, na miwani iliyochaguliwa kwa 1550 peke yake haiuzuii.