Kasoko ya mgongano ni nini?

Kasoko ya mgongano, au kreta kama wengine wanavyoiita, ni shimo la duara linalobaki kwenye uso wa sayari ya miamba baada ya kupigwa na asteroidi au nyotamkia. Wengi hudhani jiwe hilo hudidimiza ardhi kama kidole kinavyobonyeza udongo mbichi. Sivyo. Linafika kwa kasi ya kilomita nyingi kila sekunde, na likigonga mwamba kasi hiyo yote hugeuka mtikisiko na joto kwa kufumba na kufumbua. Jiwe huyeyuka, sehemu yake huwa mvuke, na mwamba hurushwa pande zote. Kwa kifupi ni mlipuko, na mlipuko huchimba duara hata kama jiwe limekuja kimshazari; labda liwe limeparaza ardhi tu, hapo shimo hurefuka.

Ndiyo maana pia shimo hulizidi jiwe kwa mbali. Kasoko ya Arizona, Marekani, ina upana wa kilomita 1.2, ilhali kilichoichimba miaka kama 50,000 iliyopita kilikuwa na upana wa makumi ya mita tu. Mhandisi wa madini Daniel Barringer alitumia miaka na fedha nyingi kutafuta bonge la chuma aliloamini limezikwa chini yake. Hakulipata, kwa kuwa sehemu kubwa ilishatawanyika. Mwaka 1960 mwanajiolojia Eugene Shoemaker na wenzake walitambua humo koesiti, aina ya madini ya kwazi inayohitaji mgandamizo mkali mno, na ubishi kwamba lile ni shimo la volkeno ukakosa nguvu.

Kasoko ndogo hufanana na bakuli. Kubwa ni habari nyingine: sakafu hudunda juu ikaacha mlima katikati, kingo zikaporomoka kwa ngazi. Caloris, kwenye Utaridi, ina upana unaokaribia kilomita 1,550.

Uso wenye kasoko nyingi ni uso wa kale. Zuhura ina kama elfu moja tu, maana lava imefunika za zamani, na angahewa lake zito huvimaliza vimondo vidogo kabla havijatua. Duniani zimethibitishwa takriban 200. Mvua, upepo na mwendo wa mabamba ya ganda la Dunia hufuta nyingine. Vredefort, Afrika Kusini, ina umri wa miaka bilioni 2 hivi. Mmomonyoko umekwisha kuondoa kilomita kadhaa za mwamba wa juu, hivyo wanachokiona wageni leo ni vilima vya mduara, wala si shimo.