Hadithi niliyoacha kuitumia ninapozungumzia jihadi

Nilikuwa naipenda mno ile Hadithi, maneno yanayonasibishwa na Mtume. Kila nilipoalikwa kwenye kikao cha masheikh na maaskofu hapa Dar es Salaam, nikiulizwa kuhusu jihadi naitoa kama turufu: "Tumerejea kutoka jihadi ndogo, tumeingia jihadi kubwa," yaani kupambana na nafsi. Ukumbi mzima unatabasamu, chai na sambusa zinaletwa, mambo yamekwisha.

Mpaka jioni moja, kwenye darsa baada ya Magharibi pale Magomeni, kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono. "Samahani ustadhi, isnadi yake ikoje?" Yaani ule mlolongo wa watu walioipokezana hadi kwa Mtume.

Nikaanza kuzunguka mbuyu. Bayhaqi, mwanazuoni wa Hadithi aliyeipokea, kasema mwenyewe kuwa isnadi yake ina udhaifu. Ibn Hajar, bingwa mwingine wa Hadithi, kaona ni maneno ya Ibrahim bin Abi Abla, mtu aliyekuja baada ya Masahaba. Mwanazuoni Ibn Taymiyya kasema haina asili kabisa. Yote hayo nilikuwa nayajua, na hapo ndipo ilipokuwa aibu yangu. Kijana hakubishana nami. Alifunga daftari lake tu. Nikajua nimempoteza, kwa sababu yule anayemtumia video kwenye simu hazunguki. Anamsomea aya za vita moja kwa moja, tena kwa sauti nzuri.

Nikabadili namna ya kufundisha. Sasa naanza na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetubebea familia nzima bila sisi kutambua: juhudi, jitihada, ijtihadi, jihadi. Mzizi ni mmoja, j-h-d, kujikamua kwa nguvu zote. Kwenye Qurani kitenzi hiki kinawahusu hata wasioamini. Sura ya Luqman, aya ya 15, inazungumzia wazazi wanaomshikilia mtoto wao amshirikishe Mungu: asiwatii katika hilo, ila akae nao kwa wema. Kule kushikilia kwao kumetajwa kwa kitenzi hichohicho cha jihadi! Na Sura ya Furqan, aya ya 52, inamwamuru Mtume (S.A.W.) awafanyie makafiri jihadi kubwa "kwayo", na wafasiri wengi wanasema "kwayo" ni kwa Qurani. Sura hiyo iliteremka Makka, wakati Waislamu wanapigwa na hawajaruhusiwa kurudisha hata kofi. Kupigana kuna neno lake, qital, na kwa kauli ya wafasiri wengi ruhusa yake ilianza na aya ya 39 ya Sura ya Hajj: wameruhusiwa wanaopigwa vita, kwa kuwa wamedhulumiwa. Aya inayofuata inataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti, kwamba vingevunjwa lau Mungu asingewakinga watu wao kwa wao. Watu wengi hawafiki kwenye aya hiyo ya pili.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimerudia kosa lileile. Ukifungua vitabu vya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, jihadi kwa sehemu kubwa ni vita. Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi kwenye pwani yetu ya Kishafii, ina mlango wake maalumu wa mambo hayo. Anayesema jihadi haina uhusiano wowote na vita hajaufungua.

Mafakihi, wanazuoni wa sheria hizo, walichogombania hasa ni sababu. Mtu anapigwa vita kwa nini: kwa ukafiri wake, au kwa kuwa anatupiga? Madhehebu ya Hanafi na Maliki na wengi wa Hanbali walisema kwa kuwa anatupiga, na hoja yao ni nzito: kama sababu ingekuwa ukafiri, Mtume asingekataza kuuawa wanawake na watoto wa maadui. Kauli mashuhuri ya Imamu wetu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani hii, inaelekea upande wa ukafiri. Naam, imamu wetu. Silifichi tena hilo. Lakini aliandika katika zama ambazo dola isiyokuwa na mkataba nawe ilihesabika kuwa adui. Wanazuoni wa karne ya 20, akina Mahmud Shaltut wa Al-Azhar, walizisoma aya za qital kwa pamoja, wakasema vita katika Uislamu ni vya kujilinda. Sayyid Qutb, mwandishi wa Misri, naye akawapinga watu wa "kujilinda", akawaona wameshindwa kiroho. Mimi niko na Shaltut, ila nasema wazi kwamba kauli ya Qutb nayo ipo na ina wafuasi.

Hata kwa kufuata ile kauli ngumu ya Shafii, mtu hajiamulii. Jihadi ya kushambulia ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii unaotosha wakiutimiza baadhi, na ni kazi ya kiongozi wa dola. Inakuwa fardhi aini, wajibu wa kila mtu, adui anapoingia mjini kwako. Na aliyepewa amani, yaani ahadi ya usalama, hata na Muislamu wa kawaida tu asiye na cheo, damu yake haiguswi.

Hapo huwa nawarudisha wanafunzi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa mjini. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Waliolitega waliita jihadi. Kiongozi gani wa dola aliitangaza? Watu wale hawakuwa na amani ya nchi hii? Na wajumbe je, wakati Mtume aliwaambia wajumbe wa Musaylima, mtu aliyedai utume, kwamba wajumbe hawauawi? Mlango uleule wa vita unawahukumu, huhitaji hata kugusa jihadi ya nafsi.

Nafsi nayo ina Hadithi yake, tena Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa Hadithi, kasema ni sahihi: mujahidi ni yule anayepambana na nafsi yake. Nyingine imo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, vinavyoaminiwa kuliko vyote vya Hadithi: mtu aliomba ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu ndiyo, akaambiwa basi jihadi yake aifanye kwao. Zipo hizi, sijui nilikuwa nang'ang'ania ile dhaifu ya nini.

Yule kijana alirudi, siku hizi anakaa safu ya mbele. Juzi kaniuliza isnadi ya Hadithi ya kula kwa mkono wa kulia. Hiyo ninayo.